Mota ya Maji ya Juu

Nilitaka kitu kimoja tu, na nakisema mapema ili asiwepo wa kunisingizia mengine: nilitaka mkwe wangu asiondoke. Mashine, mota, mikanda, safari za Mbeya, yote yalikuwa kwa ajili hiyo. Mimi mwenyewe sikuwa na haja ya mashine. Nimekata majani ya ng'ombe kwa panga tangu usichana na vidole vyangu vyote ninavyo.

Mwanangu alifariki akamwacha mkewe hapa Nkunga na sisi wazee wawili. Hawakujaliwa mtoto. Wajukuu ninao, lakini ni wa binti zangu, wako kwa baba zao. Kwa hiyo mkwe huyu hakuwa na kamba ya kumfunga kwetu isipokuwa ng'ombe, ambao aliwalea mwenyewe toka ndama. Msibani watu walimwuliza atarudi lini kwao Masukulu. Akawajibu, "Nikienda, nani atakamua?" Mimi nikalishika jibu lile, nikalala nalo.

Halafu bega likamharibikia.

Ng'ombe wa bandani haendi kujitafutia, anangoja. Asubuhi matete, jioni matete, na majani yakipungua, mgomba. Mgomba unaangushwa, unaburutwa, unapasuliwa, unachanjwa vipande vidogo, la sivyo ng'ombe anaukanyaga tu. Hiyo ni kazi ya bega. Lake la kulia lilianza kwa kuuma, mwisho likakataa kuinuka hata kufunga kitambaa kichwani. Nikawa namfunga mimi. Daktari akamwambia panga sasa basi, ukiendelea utashindwa hata kushika kijiko.

Nilisema nitakata mimi. Nikakata. Lakini mgongo wangu nao una umri wake, na ng'ombe hawajui kwamba bibi amechoka. Majirani wakaanza: uzeni ng'ombe. Kaka zake wakampigia simu: njoo huku, kuna duka, kazi ya kukaa kwenye stuli. Nilimsikia nyuma ya ukuta wa jiko akiwajibu, "Ngojeni kwanza." Hakusema hapana. Alisema ngojeni kwanza.

Ndipo tukatafuta mashine.

Mchomeleaji mmoja wa Kiwira alitutengenezea: sanduku la chuma lenye mdomo wa kulishia, visu vinavyozunguka ndani, na puli ubavuni ya kupitishia mkanda. Mota alisema tununue wenyewe. "Mimi nauza tumbo," alisema, "moyo mtaupata Mbeya." Tukadhani mota ni mota, kama chumvi ilivyo chumvi. Kumbe mota zina tabia, kama wanaume. Ipo ya kuamka na kazi mkononi, na ipo inayotaka ibembelezwe kwanza.

Mkwe wangu akaenda Mbeya peke yake, mimi nikabaki na ng'ombe. Alirudi na kitu kizuri cha kung'aa, chepesi, amekibeba kwa mkono wake mzima. Jirani yetu, mama mmoja ambaye hana siri wala haya, akaja kuchungulia.

"Eee! Sasa ng'ombe wenu wanakula umeme. Maziwa si yatakuja na taa?"

"Yatakuja na taa, na wewe hutayaona," nikamwambia.

Mume wangu alikuwa kibarazani. Katika nyumba yetu mke wa mwana na baba mkwe hawasemezani uso kwa uso. Akitokea mmoja huku, mwingine anachepuka kule. Wapo wanaosema mambo hayo yamekwisha, na mchungaji ameyasemea madhabahuni. Kwetu hayakwisha. Kwa hiyo mzee aliniita mimi, "Mwulize kama ina nguvu." Nikageuka nikamwuliza mkwe, aliyekuwa amesimama pale pale amempa mzee mgongo. Akanijibu mimi kwamba muuzaji amesema ina nguvu. Nikamgeukia mzee nikamwambia ina nguvu. Naye alikwisha sikia zamani, lakini aliitikia kana kwamba ndiyo habari mpya.

Kwanza ilikata matete machanga, laini, na ikakata vizuri. Nilimwona mkwe wangu anacheka, jambo ambalo nilikuwa sijaliona tangu mazishi. Usiku ule nilisali sala fupi ya shukrani, na mimi si mtu wa kushukuru haraka.

Shida ilikuja na mgomba.

Mtu mwenye mabega mawili atawasha mashine ikiwa tupu, aiache ichanganye mwendo, kisha alishe. Mwenye bega moja hawezi kukumbatia mgomba huku anabonyeza swichi. Kwa hiyo mkwe wangu aliusukuma mgomba mdomoni kwanza, ukaegemea kwenye visu, ndipo akaenda kuwasha. Mota ikanguruma, mmmm, kama ng'ombe mwenye ndama tumboni, isizunguke. Harufu ya waya ikatoka. Swichi kubwa ya ukutani ikajikata.

Akautoa mgomba, akawasha, ikazunguka. Akaurudisha kwa mkono mmoja, ukamponyoka, ukaingia mshazari, mota ikakwama tena. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Jirani akasema tununue kubwa zaidi. Mwingine akasema mota ya namna ile inataka kusaidiwa, uvute mkanda kwa mkono huku swichi imewashwa. Nilikuja kumkuta mkwe wangu ameinama anafanya hivyo hivyo. Nilimchapa mkono kwa fimbo ya ng'ombe.

"Gwe, wewe! Bega limekwenda, unataka na vidole viende?"

"Mama, wana njaa."

"Wacha wawe na njaa! Ng'ombe mwenye njaa analia. Wewe ukikatika vidole nitakushona na nini?"

Siku ile nikachukua panga.

Mwisho ikawa mvua. Banda letu lina bati juu, pembeni wazi, na huku kwetu mvua haishuki kutoka juu tu, inapulizwa na upepo wa mlimani inaingia kwa ubavu. Ile mota ilikuwa na matundu kila upande kama kichujio cha chai. Ikanywa. Asubuhi mkwe wangu alipoigusa kuwasha ilimrusha akakaa kwenye matope. Hakuumia. Lakini hakuinuka upesi. Alikaa pale, ameshika bega, akasema polepole wala hakunitazama:

"Mama, labda kaka zangu wana haki."

Nilikwenda kumtafuta fundi.

Fundi umeme aliyekuja kutoka Tukuyu mjini alikuwa mtu wa kuja, Msukuma mwenye maneno mengi, anayeongea na nyaya kama mtu anayeongea na watoto. Alifungua mota, akaangalia ndani, akaangalia kibati kilichogongwa ubavuni, akatazama mashine, akatazama mota tena.

"Bibi, hapa mmefunga nini?"

"Mota. Wewe ndiye fundi."

"Hii ni ya pampu. Inataka kukaa chumbani pakavu, ivute maji. Maji mwanzoni hayana ubishi, yanasukumika taratibu mpaka mota ichanganye. Mgomba unabisha kuanzia mwanzo." Akamgeukia mkwe wangu. "Dada, uliwaambiaje dukani?"

"Niliwaambia ya kukatia majani ya ng'ombe."

"Na nini tena?"

"Waliniuliza inakaa wapi, nikasema bandani. Wakaniuliza kama pana maji. Nikasema yapo, maji ya juu."

"Maji ya juu?"

"Maji ya juu, ndiyo. Mengi."

Fundi akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Dada, ukimwambia muuza mota kwamba bandani pana maji ya juu, yeye anaona tangi! Anaona unataka kupandisha maji kwenye tangi la juu, majani ya ng'ombe ni hadithi ya pembeni. Maji ya juu ndiyo nini?"

Mkwe wangu akainamisha macho. Fundi akanitazama mimi. Ikabidi niseme.

Mume wangu alizaliwa siku ya mvua kubwa, na baba yake akampa jina lenye mvua ndani yake, kwa Kinyakyusa. Jina hilo sitaliandika. Mke wa mwana halitaji jina la baba mkwe, wala neno lililo ndani ya jina, wala kwa Kinyakyusa wala kwa Kiswahili. Mkwe wangu toka aolewe hajasema neno mvua. Akiona mawingu anasema maji ya juu yanakuja, nasi sote tumezoea, mpaka watoto wa jirani wanasema hivyo. Tumezoea kiasi cha kusahau kwamba huko nje hakuna anayetuelewa.

Fundi alisikiliza mdomo wazi. "Sasa bibi, Rungwe hii, inayonyesha karibu mwaka mzima, mmepata mtu asiyeruhusiwa kusema mvua?"

"Anaruhusiwa kunyeshewa," nikamwambia. "Fanya kazi yako."

Aliikausha mota, akaijaribu tupu, ikazunguka. Akasema haijaungua, tuirudishe ingali nzima. Nikamwuliza kama kubwa zaidi ya aina hiyo hiyo ingefaa. Akasema hapana, kubwa ya tabia hiyo hiyo ingekwama vile vile, tena ingenyonya umeme wa kijiji chote. "Umeme wenu wa huku ni mwembamba, bibi, mko mwisho wa laini. Msitafute ukubwa. Tafuteni inayofaa kwa kazi."

Baada ya yeye kuondoka nilikwenda kwa mzee, nikamweleza neno kwa neno. Alisugua goti lake.

"Mwambie aseme," akasema. "Mvua ni ya Mungu, siyo yangu."

Nilikasirika. "Miaka yote nimemfundisha adabu ya nyumba hii, leo unaimwaga kama maji ya kunawa?"

"Adabu imemkalisha kwenye matope. Mwambie aseme."

Nikaenda jikoni nikamwambia. Alikuwa anapepeta maharage kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Ndaga, mama," asante, akaendelea kupepeta. Nilingoja alitamke lile neno. Hakulitamka. Akasema tu kwamba kinywa chake kimezoea. Mtu anapofunguliwa kamba na hakimbii, unafurahi. Mimi sikufurahi, na sikujua kwa nini.

Mbeya tulikwenda wote wawili, tumepewa nafasi mbele kwenye gari la kupeleka ndizi. Mota niliipakata mimi. Dukani yule muuzaji alipoiona akaanza kutikisa kichwa kabla hatujasalimiana.

"Kitu kikishafungwa hakirudi, bibi."

"Kijana, shikamoo huna?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulimwuzia mtu wa ng'ombe mota ya pampu."

"Alisema maji ya juu!"

"Na majani ya ng'ombe alisema, au hakusema?"

"Alisema."

"Basi wewe ulichagua la kusikia."

Watu wawili waliokuwa wananunua balbu wakacheka. Muuzaji akaichukua mota, akaiunganisha, akaisikiliza, akakubali kubadilisha, nasi tuongeze juu yake. Tulivyoongeza si habari ya hapa. Habari ni kwamba safari hii alikaa chini, akauliza, na mimi nikajibu.

Akauliza inakata nini hasa. Nikamwambia matete, na mgomba mzima wenye maji na nyuzi kama kamba. Inaanza ikiwa tupu au na mzigo? Nikamwambia na mzigo, mgomba umekwisha kuingia mdomoni. Akasema hilo ndilo swali alilopaswa kuanza nalo. Inanyeshewa? Nikamwambia, "Mvua inaingia kwa ubavu," nikalisema kwa sauti, maana mimi kinywa changu ni huru. Akauliza juu ya umeme, nikamwambia jioni taa zetu zinakuwa kama vibatari.

Akaleta mbili akaziweka juu ya meza. Nguvu iliyoandikwa, alisema, ni ile ile. Lakini moja ilikuwa ndugu ya ile ya kwetu, yenye matundu. Ya pili ilikuwa nzito, imefungwa mwili mzima, ina mbavu mbavu za kupoza joto na feni yake nje chini ya kofia ya bati, na mgongoni ina kapasita mbili: moja ya kuisukuma iamke, nyingine ya kuitunza ikishaamka. Hii haizunguki haraka kama ile, alisema, kwa hiyo puli ya kwenye mota iwe kubwa zaidi, ili visu visipoteze mwendo. Na waya uwe mnene. Na waya wa ardhini usisahauliwe, ili isimrushe tena mtu. Na jioni, taa zikififia, msiiwashe.

Nilipitisha mkono kwenye zile mbavu. Niliipenda. Nikawaza, sasa hana sababu tena. Bega lipumzike, ng'ombe wale, kaka zake waendelee kungoja.

"Sasa swichi," muuzaji akasema. "Kuna ya kuvuta, ngumu kidogo, na kuna ya kubonyeza, kijani na nyekundu. Nani ataiwasha?"

Nilifungua mdomo kusema mkwe wangu. Yeye akanitangulia.

"Ni mama," akamwambia muuzaji. "Mpe ya kubonyeza. Mama ndiye atakayeiwasha."

Muuzaji akaenda kuitafuta. Mimi nikabaki natazama mota. Nilielewa pale pale. Mashine niliyoitafuta ili abaki, yeye aliitafuta ili aweze kwenda. Tulikuwa tumevuta kamba moja wote wawili, tukifikiri tunavuta upande mmoja.

Njiani tulipanda tena gari la ndizi, sasa tupu, linarukaruka. Dereva alikuwa na redio yake. Tukapita Kiwira. Halafu nikauliza, maana mimi siwezi kubeba swali mpaka nyumbani.

"Unakwenda?"

"Nakwenda, mama."

"Toka lini umekusudia?"

"Toka bega." Akatazama nje. "Lakini sikutaka kukuacha na panga."

"Ungeniacha na panga ningekutukana, ningepumua."

"Najua. Ndiyo maana sikutaka tuachane hivyo."

Dereva akapunguza redio kidogo. Nikamwambia aipandishe, hapakuwa na cha kusikiliza.

Nilitaka kumwambia mengi. Kwamba duka la kaka si mali yake, na stuli ya kuazimwa haina mgongo. Kwamba hapa ana kaburi la mumewe. Lakini nilimtazama amekaa mshazari, bega amelishikilia kwa mkono mwingine ili gari lisilitikise, uso umekunjwa, na bado hajafika miaka ambayo mimi nilizaa mtoto wangu wa mwisho. Nikajua nikisema atabaki. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Angebaki kwa neno langu, kama alivyoacha kusema neno lile kwa agizo langu.

Fundi alikuja akafunga, akabadilisha puli, akachimbia waya wa ardhini. Mkwe wangu alinifundisha. Alisimama nyuma yangu akasema, sukuma mgomba mpaka ugote, toa mkono, rudi nyuma, sasa bonyeza kijani. Alinirudisha mara nyingi kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipokosea alicheka, nilipopatia hakucheka. Fundi akaniambia mimi ni mwanafunzi mzuri. Nikamwambia sikusoma sana kwa sababu ya walimu kama yeye.

Aliondoka Jumatatu, baada ya kukamua. Aliwapitia ng'ombe mmoja mmoja, akawasemesha. Kaka yake alikuwa amekuja na pikipiki kuchukua mizigo. Nilimfunga kitambaa kichwani, nikakaza fundo zaidi ya inavyotakiwa. Sikumsindikiza barabarani. Nilisema nina kazi, na kweli nilikuwa nayo.

Jioni, taa zingali na nguvu, nikaangusha mgomba, nikauburuta. Nikausukuma mdomoni mpaka ukagota kwenye visu. Nikatoa mkono, nikarudi nyuma, nikabonyeza kijani.

Ikawaka mara moja. Haikunguruma, haikunuka, haikusita. Nilisimama pale natamani ikatae, ikatae kidogo tu, nipate neno la kumpigia simu. Ikaumeza mgomba wote, ikatema vipande sawasawa, vidogo kuliko vyangu vya panga. Nikazima. Nikajaza ndoo, nikawapelekea ng'ombe. Yule mkubwa alinusa mkono wangu, akatazama mlangoni nyuma yangu kwa muda, kisha akala.